Fiba Itafika Lini? Namna ya kukisia kuenea kwa intaneti ya kasi, kutoka Maskati hadi Pemba

"Fiba itafika lini kwetu?" Hilo ndilo suali ninaloulizwa zaidi barazani, na kila anayeuliza huwa ana lake. Mmoja anajenga Barka, hajui alaze bomba la waya ukutani sasa au asubiri. Mwengine anapiga hesabu ya kurudi Unguja atakapostaafu, lakini kazi yake ni ya kompyuta na wateja wake wako Dubai. Wa tatu mama yake yuko Wete, na simu ya picha inakwama kila mama anapofika penye neno. Wote watatu wanataka tarehe. Tarehe sina, wala hana mtu mwengine yeyote, pamoja na wale wanaozitangaza magazetini. Lakini ipo njia ya kukisia kwa busara, na makala haya yanaieleza.

Nimefanya kazi ya kuchora njia za nyaya za mawasiliano hapa Ghuba kwa miaka mingi. Nilichokiona ni kwamba makisio ya intaneti mara chache hukosea kwenye mitambo. Mitambo huja, na pengine huja kabla ya siku yake. Makosa yako kwenye mita mia moja za mwisho, baina ya barabara na mlango wa nyumba: penye mchanga, ukuta wa jirani, kibali cha baladia, na mtu wa kulipa bili kila mwezi. Anayetaka kujua fiba itamfikia lini azitazame hizo mita mia kwanza, matangazo baadaye.

Tunazungumzia kitu gani

Fiba ni unyuzi wa kioo mwembamba kama unywele, na ndani yake hupita mwanga. Tanzania wanauita mkongo, khasa ule mkubwa unaounganisha miji au unaolala chini ya bahari. Picha ya mjukuu ikitoka Seeb kwenda kwa bibi yake Pemba hupita waya wa mtaani, kisha mkongo wa nchi kavu, kisha mkongo wa baharini, na upande wa pili hupanda ngazi zile zile kwa kurudi nyuma. Kipande kimoja kikiwa kibovu, uzuri wa vyengine haukusaidii kitu.

Mwanga ndani ya kioo hukimbia kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hivyo kilomita kama 5,000 za baharini baina ya Fujairah na Mombasa huzimaliza kwa sehemu 25 za elfu za sekunde. Wenye umri wangu wanazikumbuka simu za zamani za satelaiti: unasema "halo", unangoja, na mwisho mnaishia kusemeana juu. Satelaiti zile zilikuwa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na neno kwenda na jibu kurudi lilikula karibu nusu ya sekunde. Za sasa kama za Starlink ziko kilomita mia kadhaa tu, ndiyo maana mazungumzo yake hayana ugonjwa ule.

Mtaani, unyuzi mmoja hugawiwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Mtindo ulioenea zaidi hubeba gigabiti 2.5 kwa sekunde kwa nyumba zote pamoja, na mtindo mpya hubeba 10. Kutoka wa kwanza kwenda wa pili hakuna kuchimba. Hubadilishwa mtambo wa kituoni na kisanduku cha nyumbani, kioo kinabaki pale pale ardhini. Hili ni jambo kubwa kwa anayekisia, kwa sababu linaonesha kwamba gharama na uchelewaji vyote vimo ndani ya shimo. Shimo likishachimbwa, kuongeza kasi ni kazi ya fundi mwenye bisibisi.

Halafu kuna maneno mawili ambayo wenye kampuni hupenda kuyachanganya. "Nyumba zilizopitiwa" ni zile ambazo waya umefika karibu nazo. "Nyumba zilizounganishwa" ni zile ambazo ndani yake kuna kisanduku na taa zake zinawaka. Niliwahi kukaa mtaa ambao waya ulipita mbele ya lango langu, tukahesabiwa kuwa tumeshafikiwa, na ikachukua miezi kumi na moja kumpata mtu wa kuvuta mita 18 zilizobaki. Kwenye ripoti nyumba yangu ilikuwa ushindi. Mkisoma khabari ya asilimia, ulizeni kwanza ni asilimia ya kipi.

Njia ya jahazi na njia ya waya

Mwaka 1864 Waingereza waliweka kituo cha telegrafu kwenye kisiwa kidogo ndani ya khori la Musandam, kwenye waya uliokuwa unakwenda India. Miaka michache baadaye wakakihama, na magofu yake watalii wanapelekwa kuyatazama kwa mashua. Mwaka 1879, zama za Sayyid Barghash, waya wa telegrafu ulishuka kutoka Aden hadi Unguja na kuendelea kusini, Msumbiji mpaka Durban. Unguja ikawa inapata khabari za dunia kwa saa badala ya wiki.

Intaneti haikufuata mpango huo. Mpaka mwaka 2009 mwambao wote wa Afrika Mashariki ulikuwa unategemea satelaiti, ghali na nzito. Halafu vitu vikaja kwa mkupuo: SEACOM ilifunguliwa tarehe 23 Julai 2009 ikipita Mombasa na Dar es Salaam, mwaka huo huo ukafika TEAMS, mkongo ulionyooka kutoka Fujairah hadi Mombasa, serikali ya Kenya na Etisalat ya Imarati wakiwa miongoni mwa wenyewe, na mwaka 2010 ikaja EASSy, kiasi cha kilomita 10,000 kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. TEAMS naitaja zaidi kwa sababu inafuata takriban njia ya majahazi ya babu zetu, na kwa sababu haipiti Bahari ya Shamu. Tutarudi kwenye hilo.

Wakati ule wengi walikisia kwamba mkongo ukigusa ufukwe tu, kila nyumba itapata intaneti rahisi. Bei ya jumla, ile ya kampuni kwa kampuni, ilishuka haraka kweli. Bili ya mwenye nyumba ikachelewa kushuka miaka. Sababu ni zile mita mia.

Makisio yaliyokwenda mrama

Australia mwaka 2009 ilitangaza mpango wa taifa wa kuwafikishia fiba karibu wananchi wote, kwa makisio ya dola za Australia bilioni 43. Mwaka 2013 serikali ikabadilika, na mpya ikasema haraka zaidi na rahisi zaidi ni kutumia nyaya kuukuu za shaba kwa kipande cha mwisho. Kufika 2020 ikatangazwa programu ya mabilioni ya kuwapelekea fiba wale wale walioachwa na shaba. Mkisiaji yeyote wa 2009 aliyetazama kioo na mitambo tu asingeliona hilo. Lililovunja makisio lilikuwa uchaguzi.

Uingereza, ambako wengi wetu tuna watoto na ndugu, mwaka 2019 iliahidiwa fiba kamili kwa kila nyumba ifikapo 2025. Kabla mwaka 2020 haujaisha lengo lilishateremshwa kuwa angalau asilimia 85 ya nyumba zipate kasi ya gigabiti, kwa njia yoyote, na kilichobaki kikasogezwa mbele. Angalia walivyofanya: tarehe ilibaki, maana ya ahadi ikabadilika. Huo ni mtindo wa kawaida sana na si wa Waingereza peke yao.

Kuna na makosa ya upande mwengine, ya kudhani kwamba chombo kipya kitaruka juu ya shida zote. Kampuni mama ya Google ilikuwa na mradi uitwao Loon, maputo ya intaneti yanayoelea kiasi cha kilomita 20 juu. Julai 2020 yalianza kazi ya biashara Kenya. Januari 2021 mradi ukatangazwa kufungwa. Maputo yaliruka, lakini kupata watu wa kutosha wa kulipa huko yanakoruka hakukuwezekana.

Na mkongo mkubwa wa 2Africa, wa kilomita 45,000 kuizunguka Afrika na tawi lake la kuja Ghuba, ulitangazwa Mei 2020 uwe tayari 2023 au 2024. Vita vya Bahari ya Shamu vikaukuta njiani. Mwishoni mwa 2025 ikatangazwa kwamba sehemu yake kuu imekamilika, isipokuwa kipande cha kusini mwa bahari hiyo. Mikongo ya baharini kwa desturi ndiyo inayokaribia zaidi tarehe zake, kwa vile baharini hakuna baladia. Hata huo ulichelewa.

Mchoro wa herufi S

Wanaokisia kwa kazi hutumia mchoro unaofanana na herufi S iliyolazwa. Mwanzo watu wachache huchukua kitu kipya, polepole. Katikati wengi huvamia kwa pamoja. Mwisho wanabaki wachache wagumu kufikika na mwendo hupoa tena. Mmarekani Frank Bass aliuandika kwa hesabu mwaka 1969. Alisema wanunuzi wanasukumwa na mambo mawili: wachache hujiamulia wenyewe, na wengi humwiga aliyetangulia. Kwa jamii yetu mimi naona uigaji una nguvu kuliko anavyodhani mtu wa mbali. Nyumba moja ikiweka fiba na watoto wa jirani wakawa wanahamia pale kila jioni, kabla mwezi haujaisha jirani naye ameshapiga simu.

Faida ya mchoro huu ni kukukataza mambo mawili. Ukiona mwaka wa kwanza mambo yanatambaa, usiseme mradi umekufa. Na ukiona katikati yanakimbia, usivute mstari huo huo moja kwa moja mpaka asilimia mia. Nyumba za mwisho huchukua miaka mingi kama zilizotangulia zote, na kila moja hugharimu mara kadhaa ya ile ya mwanzo.

Upande wa kasi, kanuni inayotajwa zaidi ni ya Jakob Nielsen, ya mwaka 1998: mtumiaji wa hali ya juu huongezewa kasi kwa nusu ya aliyonayo kila mwaka. Kwa miaka kumi hiyo ni kuzidisha mara 57. Aliyekuwa na megabiti 2 mwaka 2008 angetarajia kiasi cha 115 mwaka 2018, na walioishi Maskati au Dubai wataona kwamba haiko mbali na ukweli. Kwa aliyeko shamba Pemba kanuni hii haisemi kitu, maana kwanza lazima uwe na waya ndipo uongezewe.

Oman

Oman ina watu kiasi cha milioni 5 kwenye ardhi ya kilomita za mraba kama 309,500. Ni chini ya watu 20 kwa kila kilomita ya mraba, na katikati yao kuna majabali na jangwa. Kwa mchimbaji hiyo ni nchi ngumu. Kilichoisaidia ni uamuzi wa miaka ya 2010 wa kuunda kampuni ya serikali ya kulaza fiba, Oman Broadband, ambayo haiuzi intaneti kwa mwenye nyumba. Inalaza waya, na kampuni za huduma zinakodi humo. Kwa hivyo shimo moja linatumika na wote. Pale ambapo kila kampuni inachimba lake, mtaa mmoja wa matajiri huchimbwa mara tatu na mtaa wa pili hauguswi.

Upande wa baharini Oman imekaa pazuri mno. Barka na Salalah ziko nje ya mlango wa Hormuz, kama ilivyo Fujairah, na mikongo mingi inashuka hapo, pamoja na ule wa kwenda Perth, Australia, uliokamilika 2022. Uhaba wa njia za nje hautakuwa kikwazo cha Oman kwa miaka inayoonekana.

Kikwazo ni wadi na majabali. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 na Shaheen cha Oktoba 2021 vilionesha barabara na nguzo zinavyobebwa na maji kwa siku moja. Waya unaofuata barabara moja tu bondeni ukikatika hapo, kijiji chote kimezimika. Kumfikishia fiba mtu wa Batina ni kuchimba mchanga laini kwenye nyumba zilizopangana. Kumfikishia mtu wa kijiji cha juu Jabal al-Akhdar ni kupasua jiwe kwa ajili ya nyumba kumi na tano.

Kwa makisio yangu, mitaa iliyopimwa ya Maskati, Seeb na Barka mpaka Sohar, pamoja na miji ya Nizwa, Sur na Salalah, itakuwa imepitiwa karibu yote kabla ya 2030. Vijiji vilivyo kando ya barabara kuu ni baina ya 2030 na 2035. Vijiji vya majabalini vitapata fiba kwenye skuli, kituo cha afya na mnara wa simu, na majumbani watu watatumia 5G au satelaiti. Starlink imeanza Oman mwaka 2025, na hao ndio wateja wake hasa.

Imarati nitapita haraka kwa sababu kazi ya kuchimba wameshaimaliza. Kwa miaka mingi wamo kileleni mwa dunia kwa nyumba zenye fiba, zaidi ya asilimia 90. Lakini hao hao wenye kasi hiyo hawapigi simu ya WhatsApp kama walivyo wa Mombasa, kwa sababu simu hizo zimezuiwa kwa kanuni za nchi na watu hutumia programu zilizoruhusiwa. Kumbe basi makisio ya "bibi atazungumza vizuri na wajukuu" yanahitaji kusoma na sheria.

Unguja na Pemba

Watu wengi wa hapa hudhani Zanzibar ni pagumu kwa fiba kuliko Oman. Kwa ardhi, ni kinyume chake. Sensa ya 2022 iliwahesabu Wazanzibari 1,889,773, zaidi ya watu 700 kwa kilomita moja ya mraba. Nyumba ziko karibu karibu, hakuna majabali, na kutoka mjini hadi Makunduchi si safari. Mita za waya kwa kila nyumba ni chache. Lau fiba ingefuata watu tu, Unguja ingekuwa imemalizwa kabla ya Nizwa.

Fiba hufuata bili. Mteja wa mtaani Unguja hununua intaneti ya simu kwa bando la siku au la wiki, kwa kadiri ya kilichomo mfukoni. Kampuni inayofikiria kuchimba inataka mtu atakayelipa kila mwezi kwa miaka mitano. Ndiyo maana utaona fiba inaruka. Iko mjini kwenye maofisi na mabenki, halafu inaonekana tena Nungwi, Kiwengwa na Paje, kwenye mahoteli. Kijiji kilicho baina yao kimepitiwa na waya chini ya barabara yake na hakina hata nyumba moja iliyounganishwa. Ukitaka kujua kijiji gani cha Unguja kitaunganishwa kabla ya chengine, tazama kipi kiko njiani kwenda hotelini.

Mji Mkongwe una shida yake. Ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, vichochoro ni vyembamba, na kuchimba au kutundika nyaya ukutani kunataka ruhusa ya watu wengi. Fumba na mitaa mipya inayojengwa kwa ramani itatangulia, kwani mabomba ya waya hulazwa kabla ya nyumba. Naona mitaa ya namna hiyo na sehemu kubwa ya Mjini Magharibi vitapata fiba ya majumbani kwa wingi kufika 2032 hivi. Mashamba ya Unguja yatategemea minara, na intaneti ya minara hiyo itakuwa nzuri kuliko ya leo.

Pemba nina mashaka zaidi. Chake Chake, Wete na Mkoani zitapata kwenye barabara zao kuu. Zaidi ya hapo hakuna mahoteli mengi ya kuvuta waya, na mteja ni mwenye bando la siku. Kitakachobadilisha hesabu ni pesa zinazotoka huku. Ndugu kumi wa mtaa mmoja wa Wete walioko Oman, wakikubaliana kila mmoja kulipia nyumba ya wazee wake kwa mwaka, wanaweza kwenda kwa kampuni na orodha ya wateja kumi mkononi. Kampuni haichimbi kwa sababu ya huruma, lakini huchimba kwa orodha. Nimeona mitaa ya hapa Oman ikiletewa waya kwa namna hiyo, na sioni kwa nini isiwezekane kule.

Satelaiti nazo zisichukuliwe kuwa dawa ya kila mahali. Starlink ilianza Kenya Julai 2023, na Novemba 2024 ikasimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kandokando yake kwa sababu nafasi ilijaa. Boriti moja ya satelaiti huhudumia eneo kubwa, na waliomo humo hugawana. Inamfaa mtu wa jabali kuliko mtu wa Ng'ambo.

Nanga, vita na njia ya pili

Kila mwaka duniani hutokea baina ya ajali 150 na 200 za mikongo ya baharini, na nyingi husababishwa na nyavu na nanga. Wakaazi wa Ghuba wanaikumbuka wiki moja ya mwaka 2008: tarehe 30 Januari mikongo miwili ilikatika karibu na Alexandria, na tarehe 1 Februari ukakatika wa FALCON baina ya Maskati na Dubai. Februari 2024 meli ya Rubymar ilipigwa na Mahuthi, na ikadhaniwa nanga yake ndiyo iliyokata mikongo mitatu ya Bahari ya Shamu, pamoja na njia ya SEACOM. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika pamoja upande wa kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa walioumia zaidi. Septemba 2025 ikawa tena, safari hii karibu na Jeddah, na watu wa Imarati waliuona uzito wa mitandao yao.

Kwa sababu hiyo, anayekisia hali ya mwaka 2030 asitazame kasi peke yake, atazame na idadi ya njia. Nchi yenye mikongo miwili inayopita mlango mmoja ina mkongo mmoja. Njia ya Fujairah hadi Mombasa haipiti Bahari ya Shamu wala haizunguki kusini, na kwa sisi wenye miguu pande zote mbili ni njia ya thamani. Kutoka Mombasa kuna fiba za nchi kavu za kuvuka kwenda Tanzania. Zanzibar yenyewe bado inatazamana sana na Dar es Salaam. Umeme umeshatufunza maana yake: mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani wiki kadhaa, na tena kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa hitilafu za laini moja inayotoka bara.

Dalili za kutazama mtaani kwako

Tazama mnara wa simu ulio karibu. Ukiwa na vitu vya duara kama ngoma, mnara huo unapokea intaneti yake kwa mawimbi kutoka mnara mwengine, na fiba bado haijafika hapo. Siku ngoma zile zitakapoteremshwa, au mnara mpya ukasimamishwa bila ngoma, jua kioo kimefika chini yake, na kutoka hapo mpaka kwako ni suali la miaka michache. Dalili hii naiamini kuliko tangazo lolote, na haitaki umjue mtu ofisini.

Tazama pia vifuniko vidogo vya zege kando ya barabara vyenye alama ya kampuni ya mawasiliano. Tazama kama skuli imeunganishwa. Barabara ikichimbuliwa kwa mabomba ya maji, nenda baladia au kwa sheha ukaulize kama bomba la waya linalazwa humo humo, kwa sababu likikosa safari hiyo, lami mpya italilinda shimo lisichimbwe tena kwa muda mrefu. Kuzimwa kwa mitambo ya 3G, kulikoanza Oman mwaka 2024, nako ni dalili: masafa yake huhamishiwa vizazi vipya, na minara ya vizazi vipya inataka fiba.

Anayejenga sasa, Barka au Fumba, alaze bomba tupu la plastiki kutoka ukuta wa lango mpaka chumba kitakachowekwa kisanduku, mbali na bomba la umeme, na ndani yake aache kamba ya kuvutia waya. Wakati wa ujenzi ni kazi ya asubuhi moja, na baada ya vigae kulazwa ni vita na mke. Kisanduku cha fiba kinataka umeme wa nyumbani, tofauti na simu za zamani za shaba zilizopata umeme wao kituoni. Kwa hivyo kwa nyumba ya wazee Unguja au Pemba weka na betri ndogo ya volti 12, ikubaliane na kisanduku. Na kuta za mawe za Mji Mkongwe humeza mawimbi. Huko kisanduku kimoja hakitoshi: kinatakiwa kimoja kila ghorofa, vikiunganishwa kwa waya.